Kuhusu ile mashine ya kujazia risasi

Ndugu yangu Rashidi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, natumaini nawe na wa nyumbani mu wazima. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kibali kimetoka. Najua umechoka kununua risasi za mazoezi boksi kwa boksi, halafu unazimaliza kabla mkono haujazoea shabaha.

Umeniuliza kama ununue ile mashine ya bei nafuu ya kujazia upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, yenye sahani inayozunguka, au usubiri mpaka upate ile ya bei kubwa. Wenzako wamekwambia rahisi huvunja upishi. Mimi nasema inunue. Ila uielewe kwanza, kwa sababu fedha utakayookoa siku ya kununua utailipa kwa macho yako kila utakapokaa mbele yake, na malipo hayo hayana siku ya kwisha.

Ile mashine yako ya zamani ya kituo kimoja unaifahamu: maganda yote yapite kalibu ya kwanza, kile kifaa cha chuma kinacholifanyia ganda kazi yake moja, ubadili kalibu, yapite tena, na kuendelea. Kwenye hii mpya, maganda kadhaa yanakaa kwenye sahani moja kwa wakati mmoja, na kila moja liko chini ya kalibu yake. Unavuta wenzo chini: ganda moja linarudishwa umbo na kusukumwa nje fataki iliyotumika, kile kikopo kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, jingine linapanuliwa mdomo na kutiwa baruti, jingine linakandamiziwa kichwa, kile kipande kinachoruka. Unarudisha wenzo juu, fataki mpya inaingia, sahani inasogea. Sahani ikishajaa, kila mvuto unakupa risasi moja kamili. Pro 1000 ya kampuni ya Lee ina vituo vitatu. RL 550 ya kampuni ya Dillon ina vinne, na hiyo sahani yake unaizungusha kwa mkono. Usidharau ya kuzungusha kwa mkono. Wapo mafundi wazuri wanaoipenda hivyohivyo. Hatari yake ni kwamba ukisahau kuzungusha, ganda lilelile linaweza kupokea baruti mara mbili. Inayojizungusha yenyewe inakuepusha na hilo maadamu inajizungusha sawasawa.

Sasa bei ilipopunguzwa ni wapi? Watu hukimbilia kulalamika kwamba mwili ni wa aluminiamu badala ya chuma cha kusubu. Hilo lisikusumbue. Risasi ya bastola haihitaji nguvu nyingi, na kalibu zenye pete ya kabaidi, kitu kigumu sana, hazihitaji hata mafuta kwa maganda yaliyonyooka, ingawa ganda la 9 mm, ambalo limechongoka kidogo kuelekea mdomoni, linapita kwa ulaini zaidi ukilipaka chembe ya mafuta. Mahali palipobanwa ni vijidude vya plastiki: gia inayozungusha sahani, na njia inayoleta fataki. Vikivunjika havina gharama kubwa, kwa hiyo agiza vya akiba siku hiyohiyo unayoagiza mashine.

Njia ya fataki ndiyo itakayokujaribu, na nataka nikueleze kwa kina. Katika mashine nyingi za bei hii, fataki hazisukumwi na kitu chochote isipokuwa uzito wao wenyewe. Zinateleza kwenye mfereji mwembamba, iliyo nyuma ikiisukuma ya mbele. Mfereji ukiwa umejaa, kazi inakwenda vizuri. Zikibaki chache, hakuna uzito wa kuzisukuma, na ndipo moja inapoinama ubavu, au inachelewa kufika, na ganda linapita bila fataki. Chembe moja ya baruti iliyomwagika ikiingia mferejini, foleni yote inasimama. Kwa hiyo mambo mawili: usiruhusu mfereji ukaribie kuisha, na uwe na brashi ndogo laini karibu, ufagie sahani mara kwa mara. Meza nayo iwe imara, imefungwa ukutani kama inawezekana, maana meza inayoyumba hurusha baruti kutoka kwenye maganda yaliyojazwa, na baruti hiyo inajua njia ya kwenda mferejini.

Mkono wako utajifunza kuisikia fataki ikikaa. Kuna ukinzani mdogo, halafu inatulia. Ukisikia ugumu usio wa kawaida, simama. Usiongeze nguvu hata kidogo. Fataki inawaka kwa kubanwa, ndiyo kazi iliyoundiwa, na moja ikiripuka inaweza kuchukua za jirani zake. Ndiyo sababu miwani ya kukinga macho haivuliwi muda wote fataki zikiwa kwenye mashine. Na mara nyingi ugumu huo sababu yake ni ganda, wala si mashine. Maganda ya kijeshi huwa yamebanwa kwenye ukingo wa tundu la fataki, na lazima tundu lipanuliwe kwanza kwa kifaa chake. Ukihamia risasi za bastola za .45 ACP, ujue kuna maganda ya fataki kubwa na mengine ya fataki ndogo, na kwa nje yanafanana. Ukichanganya, mashine inakwama hapo hapo.

Kagua pia ndani ya ganda kabla hujalipeleka mashinani. Lenye tundu moja katikati ni la mfumo wa Boxer, na hilo ndilo letu. Lenye vitundu viwili ni la Berdan, litavunja ile sindano ya kalibu inayosukuma nje fataki iliyotumika. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioshika mfumo wa yule Mwingereza, na Ulaya kwa muda mrefu ikatumia sana wa yule Mmarekani. Ya dunia hayo.

Nirudi kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kurasa zote hizi. Mashine ya bei nafuu itakwama. Haitakwama kila dakika, lakini itakwama, na risasi mbovu huzaliwa katika dakika ile ya kukwama. Mashine ikienda bila tatizo, kila ganda linapata zamu yake. Ikikwama, unarudisha wenzo nusu, unachungulia, unagusagusa sahani, unavuta tena. Sasa jiulize: lile ganda la kituo cha baruti limeshapata au bado? Kipimio cha baruti katika mashine hizi huendeshwa na ganda lenyewe. Ganda likipanda linakisukuma kipimio, baruti inadondoka. Ukivuta nusu na kurudisha, huenda kimemwaga, huenda hakijamwaga, huenda kimemwaga sehemu. Ukivuta tena kwa ukamilifu, huenda umetia mara ya pili.

Kwa hiyo amri yangu kwako ni moja. Mashine ikikwama kwa sababu yoyote, ondoa kila ganda kwenye sahani. Yote. Yaliyo na baruti yamwage, kila baruti irudi chomboni mwake. Yaliyo na fataki bila baruti yaweke kwenye kikopo chake peke yake, utayarudisha baadaye kupitia kituo cha baruti. Halafu anza upya na sahani tupu. Utaona ni usumbufu, na utatamani kusema "nimeona kwa macho yangu hili halina kitu". Usiseme. Wenye mashine za bei kubwa wanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao hawalazimiki kufanya mara nyingi.

Kutokuwa na baruti kabisa ni hatari kama ilivyo kuwa nayo mara mbili, na wengi wanalisahau hili. Fataki peke yake ina nguvu ya kutosha kukitoa kichwa kwenye ganda na kukipeleka kwenye mtutu, lakini haina nguvu ya kukitoa nje. Utasikia mlio mdogo, mkavu, bila mrusho wa kawaida mkononi. Ukisikia hivyo, kidole kitoke kwenye kifyatulio papo hapo, toa risasi zote, fungua bastola, utazame mtutu hadi uone mwanga upande wa pili. Kichwa kikiwa kimeganda humo na ukafyatua kingine nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Na kwa sababu ya hatari ile ya baruti mara mbili, nakushauri uanze na 9 mm, uache ile .38 Special ya rivolva kwa baadaye. Ganda la .38 lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya leo isiyotoa moshi inajaza kipande kidogo tu cha ganda hilo refu, lenye karibu mm 29.3. Ukiweka mara mbili, bado ndani kunaonekana kuna nafasi tele, na kichwa kinakaa kama kawaida. Ganda la 9 mm lina mm 19.15 tu. Ukichagua baruti yenye ujazo mkubwa, ile ambayo kipimo kimoja kinapita nusu ya ganda, cha pili kitafurika na kumwagika juu ya sahani, na huwezi kutoliona hilo. Chagua baruti ya namna hiyo hata kama kuna nyingine inayotumia kidogo zaidi kwa kila risasi. Akiba hiyo ndogo haina maana.

Funga taa ndogo juu ya sahani, ielekee mdomo wa ganda lililotoka kwenye baruti, na kila ganda ulitazame ndani kabla ya kuweka kichwa juu yake. Kila ganda, bila kuruka. Usitegemee kupima risasi zilizokwisha kamilika ili kutafuta isiyo na baruti. Baruti ya 9 mm haifiki nusu gramu, na maganda yenyewe pamoja na vichwa hutofautiana uzito kiasi cha kuificha tofauti hiyo. Baruti unaiona kwa macho wakati ganda likiwa wazi, basi.

Kiasi cha baruti usiniulize, na usimwulize mtu mwingine yeyote. Tumia mwongozo wa mtengenezaji wa baruti, ukurasa wa kichwa hichohicho na uzito huohuo, na uanze na kiwango cha chini kilichoandikwa humo. Miongozo mingi huandika kwa greni, na greni moja ni miligramu 64.8, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai hata kwa utani. Ya kielektroniki ya bei nafuu inafaa mradi iwe na kijiwe chake cha uzito unaojulikana, uihakiki kila unapoanza na katikati ya kazi, kwa sababu hizo huhamahama kidogo zinapopata joto au upepo wa feni. Mwanzoni pima kipimo baada ya kipimo mpaka namba itulie, kisha uendelee kupima kimoja kila baada ya risasi kadhaa. Ukimaliza, baruti irudi kwenye kopo lake la asili. Usiiache kwenye chupa ya mashine halafu wiki mbili baadaye uanze kukisia ni ipi.

Siku ya kwanza usijaze sahani. Weka ganda moja tu, lizunguke vituo vyote peke yake hadi litoke. Rekebisha kalibu moja, jaribu, ndipo uende nyingine. Ukibadili mbili kwa pamoja hutajua ipi imeharibu. Urefu wa risasi nzima ya 9 mm usizidi mm 29.69, lakini bastola yako huenda ikataka fupi zaidi kulingana na umbo la kichwa. Mwongozo na chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ndivyo vitakavyokuambia. Toa mtutu, udondoshe risasi kwenye chemba: iingie kwa uzito wake na ikae, na ukiugeuza mtutu itoke yenyewe. Mdomo ubanwe kidogo tu, kuondoa ule upanuzi uliouweka mwanzo, kwa sababu risasi hii inategemea mdomo wa ganda kusimama ndani ya chemba. Halafu ibonyeze kichwa chake kwenye ubao kwa kidole gumba. Kisizame. Kikizama, shinikizo litapanda siku ya kufyatua, na kwa 9 mm linapanda vibaya.

Kuhusu ile namba ya risasi kwa saa iliyochapwa kwenye boksi la mashine, isahau. Zima simu, funga mlango, usiwe na redio wala mtu wa kupiga naye soga. Mikono ioshwe ukimaliza, na usile mezani hapo, maana mabaki ya fataki yana risasi, ile madini, na yanashika vidoleni. Fataki zilizotumika nazo zitadondoka kila mahali, hiyo ni kawaida ya mashine hizi. Safisha pistoni, ile nguzo inayoipandisha sahani, kabla mchanga wa fataki hizo haujaanza kuikwaruza.

Ukishaifunga mezani niandikie aina ya baruti uliyopata na kichwa ulichochagua, na unipigie picha ya sahani na njia ya fataki kabla hujaweka hata fataki moja. Nikiona imekaa upande nitakwambia.

Wasalimie wote. Mwambie shemeji zile glavu alizotuma zimefika.

Wako,
Saidi