Kichezeo cha mtoto kipikwe, na chumvi ikae mbali

Mhariri,

Mvua zikianza hapa Kisumu watoto hushinda ndani, na wazazi wengi siku hizi huwaandalia wadogo beseni la kuchezea: unga wa kufinyanga, uji wa rangi, kitu cha kuteleza vidoleni. Ni jambo jema sana, kwani mtoto wa chini ya miaka mitatu hujifunza kwa kushika, kuminya na kumwaga. Lakini alichoshika atakitia kinywani, na hapo ndipo maelekezo mengi yanayosambazwa kwenye simu yanapopotosha. Yanachukulia kwamba kilichotoka jikoni ni salama. Sivyo.

Chukua unga wa kufinyanga. Kipimo kinachosambazwa ni kikombe 1 cha unga wa ngano kwa nusu kikombe cha chumvi, yaani takriban gramu 140 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 akimeza matonge mawili matatu ya unga huo, sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, inaweza kupanda katika damu hadi atapike, alegee, hata ashikwe na degedege. Kazi kubwa ya chumvi hiyo ni kuzuia unga usioze. Basi iacheni, na unga ufinyangwe siku hiyo hiyo.

Unga wenyewe pia usiwe mbichi. Ngano husagwa bila kupikwa, kwa hiyo vijidudu vya shambani kama E. koli na salmonela vinaweza kufika hadi ndani ya pakiti. Kuukaanga mkavu si dawa ya kuaminika, maana katika ukavu vijidudu hivyo hustahimili joto kuliko vikiwa majini. Chemsha kikombe 1 cha maji na kijiko 1 kikubwa cha mafuta, mimina kikombe 1 cha unga kwa mpigo mmoja, punguza moto, songa kama ugali kwa dakika 3 hivi mpaka donge liachane na sufuria na kusibaki unga mkavu. Likipoa kiasi, likande kwa mikono iliyopakwa mafuta. Likinata, maji yamezidi: lirudishe motoni. Wengi huongeza konzi ya unga mbichi hapo mwisho, na kazi yote ya kupika inakuwa bure. Lipasue katikati kabla ya kumpa mtoto, kwa sababu nje hupoa huku ndani bado linachoma.

Kwa familia za Busia zilizozoea unga wa muhogo, unavutika vizuri kuliko ngano, ila upikwe vivyo hivyo. Muhogo mbichi una kemikali zinazotoa sumu ya sianidi, na kipande kibichi si kitu cha kumwachia mtoto akitafune.

Kuhusu ute, hatuna haja ya zile chupa za rangi za madukani, ambazo baadhi hutengenezwa kwa gundi na boraksi, kemikali ya usafi yenye madhara ikimezwa. Tuna mrenda. Nunua fungu moja sokoni Kibuye, ambako wauzaji wengi watakuuzia kwa jina la apoth, chambua majani tu na uondoe kila kitumba cha mbegu, kwa sababu mbegu za mmea huu, tofauti na majani yake, zina kemikali zinazoathiri moyo. Osha, katakata, tia konzi 2 katika vikombe 2 vya maji yanayochemka, bila magadi wala munyu. Baada ya dakika 5 koroga kwa nguvu hadi uone uzi ukivutika kutoka kwenye mwiko, kisha chuja na upoze. Ukichemsha mno ute hulegea. Ni kijani, unateleza, unanyooka kama uzi wa gundi, na mtoto akiulamba amelamba mboga.

Uji wa rangi hutaka wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuongezea mchuzi uzito. Vuruga vijiko 4 vikubwa katika robo kikombe cha maji baridi, ndipo umimine katika robo tatu kikombe cha maji yanayochemka huku ukikoroga hadi ung'ae. Ukiutupa mkavu kwenye maji moto utapata madonge, maana nje huiva kabla ndani hakujalowa. Maji ya kiazisukari chekundu hutoa waridi, na matone ya ndimu huzuia rangi isififie. Bizari ya manjano hutia doa lisilotoka, basi mvue mtoto nguo kwanza.

Wapo wanaosema huku ni kuchezea chakula wakati unga ni ghali. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana vipimo hapa ni vidogo, na kuku watamaliza masalio. Ila mahindi yaliyoota kuvu yasigeuzwe kichezeo kwa kisingizio cha kuokoa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Maharagwe makavu, njugu na punje za mahindi zisiwe beseni moja na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vile vipunje vya rangi vinavyofura majini visiingie nyumbani kabisa: hufuria tumboni, huziba utumbo, na kwa kawaida havionekani kwenye eksirei. Mwishoni mwa 2023 maduka makubwa ya Marekani yaliacha kuviuza kama vichezeo vya watoto.

Anza baada ya miezi 6, kwa vyakula ambavyo mtoto ameshavila bila kudhurika, na asali isitumike kabla ya mwaka 1. Maji yawe yamechemshwa. Kwa joto la Kisumu, mwaga kila kitu baada ya saa moja. Mtu mzima akae hapo hapo, asiende kupokea simu. Mtoto anayekohoa kwa sauti mwache akohoe. Akinyamaza ghafla bila kupumua, na hajafikisha mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, msukume katikati ya kifua kwa kisigino cha kiganja kimoja mara 5, rudia hadi kitu kitoke, na mwingine awe anatafuta gari la kwenda hospitali.

Walimu wa chekechea,
Kisumu