Barua kwa mwanangu: ni ndege au dinosaria mdogo?

Mwanangu,

Ile picha uliyonitumia, ukiuliza kama unyayo ulio kwenye jiwe ni wa ndege au wa dinosaria mdogo, siwezi kuitolea hukumu. Ni unyayo mmoja tu, tena umeupiga kwa jua la saa sita. Rudi asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala, vivuli vikuchoree kingo za vidole. Jua likikosekana, laza tochi ubavuni mwa jiwe.

Kabla ya yote, ulizia umri wa mwamba. Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kwenye jivu la volkano la miaka milioni 3.6 hivi, kuna nyayo za kanga, na hakuna wa kubishana nawe: dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kazi ipo kwenye miamba iliyotangulia hapo.

Sasa shika rula na kipimapembe. Pima pembe kati ya kidole cha ndani na cha nje kwa kufuata mstari wa katikati ya kila kidole. Usizifuate ncha za kucha, maana za ndege hupinda kwenda nje na zitakuongezea nyuzi za bure. Kwa ndege pembe hiyo mara nyingi hufika nyuzi 110 au 120, hata kuzidi. Kwa dinosaria mdogo mla nyama aghalabu haifiki 60. Unyayo wa ndege upana wake hulingana na urefu au huupita. Wa dinosaria ni mrefu, kidole cha kati kimechomoza, na vinundu vya chini ya vidole huhesabika: mara nyingi viwili cha ndani, vitatu cha kati, vinne cha nje. Vidole vya ndege ni vyembamba na vinundu vyake hafifu.

Kidole cha nyuma ndicho kinachowaponza wengi. Vitwitwi wengi wa pwani chao ni kifupi mno, hakiachi alama. Dinosaria naye anacho kidogo, juu ya kisigino, na akizama kwenye tope zito huchora mstari unaoelekea nyuma, ukadhani ni ndege. Tope hilohilo likiwa majimaji hurudi na kuziba, vidole vinene vikabaki ufa mwembamba. Na kama tabaka la juu limeshalika, unachopima ni mbonyeo wa tabaka la chini, kucha hazipo tena.

Ndiyo maana nataka nyayo tatu zinazofuatana, angalau. Dinosaria mdogo hupiga hatua ndefu, karibu kwenye mstari mmoja. Ndege wa ufukweni hatua zake ni fupi kwa kulinganisha na mguu, vidole vikigeukia ndani.

Edward Hitchcock, mwanajiolojia wa Massachusetts, Marekani, alizitangaza nyayo za bonde la mto Connecticut kuwa za ndege, mwaka 1836. Ni za dinosaria. Tusimcheke sana, mguu wa ndege umetokana na mguu uleule. Kule Lesotho, nyayo zinazoitwa Trisauropodiscus zimetanua vidole kama vya ndege, na za kale zaidi zimepita miaka milioni 210, ilhali mifupa ya Archaeopteryx, mmoja wa ndege wa kale kabisa wanaojulikana, ina milioni 150 hivi. Aliyezikanyaga hajulikani. Kwa hiyo kwenye daftari andika “unafanana na wa ndege”, kisha vipimo, kisha hali ya jiwe.

Safari hii rula iwe ndani ya picha, kando ya unyayo, si juu yake.

Mama yako