Mtoto mkimbizi aulizwe pia anacheza na nani

Ndugu Mhariri,

Anayekaa Kasulu, Kibondo au Kakonko anaijua foleni ya kuandikisha wakimbizi. Mtoto akifika mezani anaulizwa jina, umri, majina ya wazazi, alikotoka na aliyefuatana naye. Akiwa peke yake anapelekwa meza nyingine, anapigwa picha, na kazi ya kumtafutia ndugu zake inaanza. Kazi hiyo tunaiheshimu sana, imewarudisha watoto wengi kwa mama zao. Ombi letu ni kwamba fomu iongezwe swali moja, na jibu lake lifanyiwe kazi: unacheza na nani?

Msomaji anaweza kuona hilo ni jambo dogo kwa watu waliokimbia risasi. Lakini mikoa yetu ya Kigoma na Tabora imepokea watoto wa vita kwa zaidi ya miaka 50. Mauaji ya Burundi ya 1972 ndiyo yaliyoyajaza makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, alipouawa Oktoba 1993, wakaja wengine. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika, wengi wakitokea Fizi na Uvira. Mwaka 2015 wakaja Warundi tena, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya Oktoba na ya Mtendeli ikaanza Januari 2016. Mwaka 2023 zikaja familia nyingine kutoka Kongo. Kwa muda wote huo tumejua kugawa maturubai, kupima utapiamlo na kuchimba vyoo. Urafiki wa mtoto tumeuacha ujiotee wenyewe.

Anayetaka kujua mtoto huyu amepoteza nini aanze na kijiji alichotoka. Vijiji vyetu vilikusanywa pamoja miaka ya 1970, nyumba zikapangwa kando ya barabara. Burundi vijijini watu wanakaa mlimani, na mlima ndio kijiji chao, kila boma na migomba yake, jirani yuko ng'ambo ya shamba. Mtoto wa huko wa miaka saba au nane hana kundi kubwa la kuchagua. Ana watoto wa nyumba tatu au nne, wanaoteka maji kwenye chemchemi moja na kupita njia moja kwenda shule. Watu wa mlima wakikimbia usiku, kila nyumba inashika njia yake, na asubuhi mtoto huyo hana hata mmoja wa aliocheza nao tangu ajue kutembea. Mtoto wa ufukweni Fizi ana wenzake wengi zaidi, maana vijiji vya kule vimefuatana kandokando ya ziwa. Naye anawapoteza kwa njia nyingine: boti ikijaa inaondoka, aliyebaki amebaki.

Kwamba urafiki wa watoto wadogo sana ni mzito kiasi hiki kulionekana wazi baada ya vita vya pili vya dunia. Watoto sita Wayahudi, waliokuwa na miaka mitatu hivi, walitolewa kwenye kambi ya Wanazi ya Terezin na kupelekwa Uingereza mwaka 1945. Hawakuwa na wazazi. Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, na mwenzake Sophie Dann, waliowafuatilia wakati wakitunzwa pamoja kwa mwaka mmoja, walieleza kuwa watoto hao hawakutaka kutengana hata kwa muda mfupi. Mmoja akiondolewa, wote walimuulizia. Mezani kila mmoja aliangalia kwanza kama mwenzake amepata chakula. Walichokuwa nacho cha kushikilia duniani kilikuwa wao kwa wao.

Huku kwetu watoto wanatenganishwa bila mtu yeyote kukusudia. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisicho na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba, iliyokuwa ikibeba abiria wapatao 600, ilisimama majini na watu wakapelekwa kwa boti ndogo. Wakishuka Kigoma mjini walipitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapanda mabasi hadi Nyarugusu. Boti, meli, uwanja, basi: mara nne watu wanahesabiwa na kugawanywa kwa familia, na rafiki hayumo kwenye familia. Watoto waliotembea pamoja milimani wanaweza kuishia zoni mbili za kambi zisizoonana, kila mmoja akiamini mwenzake alibaki ziwani.

Sasa namna ya kuuliza. Msiulize siku ya kwanza. Mtoto aliyefika akiwa na njaa na hajalala hujibu "ndiyo" kwa kila kitu ili aachwe aondoke. Ngojeni ale, alale usiku mmoja au mbili, kisha ketini naye chini, kwenye mkeka, si ng'ambo ya meza. Kwa mtoto wa Burundi tafuteni mtu anayezungumza Kiha, wataelewana bila mkalimani. Mkongo ana Kiswahili chake, msikimbilie kumsahihisha. Anzeni na mchezo: ulikuwa unacheza nini nyumbani? Mwambieni awaonyeshe. Mtoto akianza kupanga mawe ya mdako au kueleza sheria za gololi, majina yanatoka yenyewe, maana hakuna mchezo wa mtu mmoja.

Andikeni marafiki watatu, msizidishe. Orodha ya majina kumi haifanyiwi kazi na mtu yeyote. Kwa kila mmoja andikeni jina la nyumbani, jina la shule kama linajulikana, jina la baba au la mtu anayemlea, mlima au kijiji, shule na darasa, chemchemi au kisima walikoteka maji, kanisa au msikiti, na mahali walipoonana mara ya mwisho.

Majina ndiyo yanayoangusha kazi hii kuliko kitu kingine. Kwanza, Warundi kwa kawaida hawana jina la ukoo linalorithiwa: baba ana lake, kaka lake, dada lake. Karani wa Kitanzania anayetafuta watoto kwa jina la tatu atadhani ndugu wa tumbo moja hawahusiani, sembuse marafiki. Pili, tahajia. Ndayishimiye mmoja anaandikwa Ndaishimie kwenye kadi na Ndayishimie kwenye daftari la shule, na kompyuta inaona watu watatu. Someni jina kwa sauti, mtoto alirudie, na tafuteni kwa herufi za mwanzo tu. Tatu, mtoto anamjua rafiki yake kwa jina la utani. Fiston wako kila mtaa wa Wakongo. Hapo chemchemi na shule ndivyo vinavyotenganisha Fiston huyu na yule.

Kuna swali lisiloulizwa kamwe, nalo ni la kabila la rafiki. Tunajua linavyoua. Aprili 30, 1997, katika seminari ndogo ya Buta, Bururi, wanafunzi waliamriwa na watu wenye silaha wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Mtoto aliyekulia katika historia hiyo akisikia swali la kabila kutoka kwa mtu mwenye kalamu, atamficha rafiki yake, na ana haki ya kumficha.

Majina hayo ni siri. Yakae kwenye faili la afisa ustawi wa jamii au la msimamizi wa ulinzi wa watoto kambini. Msiyatume kwenye makundi ya WhatsApp, msibandike picha ya mtoto kwenye mti. Baadhi ya familia zimekimbia watu wanaowafahamu kwa jina, na vikundi vya silaha navyo hupenda kumvuta kijana kupitia rafiki yake.

Rafiki akipatikana kambini hapohapo, kazi haijaisha. Kumwambia mtoto "rafiki yako yuko zoni nyingine" bila kumpeleka ni kumuongezea jeraha. Mpelekeni siku hiyohiyo, na mtu mzima wa kila upande ajue. Kama wote wawili hawana wazazi na wanapelekwa kwa walezi, wawekwe ndani ya umbali ambao mtoto wa miaka minane anautembea peke yake bila kuvuka barabara ya malori. Ikishindikana, wawe shule moja na zamu moja. Zamu ndiyo inayosahaulika: mmoja akisoma asubuhi na mwingine mchana, hawatakutana ingawa wanakalia dawati lilelile. Mlezi akikubali kuwachukua wote wawili, kadi ya chakula ibadilishwe kabla watoto hawajahamia. Mgao umepunguzwa mara nyingi, na nyumba inayolisha mtoto asiye kwenye kadi itachoka, hata kama mama wa nyumba ana moyo mkubwa kiasi gani.

Upande mwingine ni urafiki mpya, kati ya watoto wa kambini na wa vijiji vyetu kama Makere. Darasani hawakutani. Wakongo wanafuata mtaala wa Kongo, Warundi wa Burundi, wetu wa Tanzania, na wakimbizi hawatoki kambini bila kibali. Kinachobaki ni uwanja, siku moja ya wiki, kwa ruhusa ya mkuu wa kambi, mtendaji wa kijiji na wazazi. Siku na saa zisibadilike, maana mtoto aliyekimbia vita anahitaji kitu anachojua kitatokea Alhamisi. Watoto 12 hadi 16 wanatosha, wa umri unaopishana miaka miwili au mitatu. Wakizidi 20, wakubwa wanacheza na wadogo wanakuwa watazamaji.

Msiwaache wapange timu wenyewe mara ya kwanza. Watapanga kambi dhidi ya kijiji, na bao la kwanza litageuka matusi. Tumieni vijiti: virefu timu hii, vifupi timu ile, kila mtoto anachomoa kimoja akiwa amefumba macho. Wasichana wengi watapendelea rede. Ni mchezo mzuri kwa kazi hii, kwa sababu anayejaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira anahitaji wenzake wamwelekeze, na Kiha na Kirundi vinakutana hapo bila mwalimu.

Mpira wa kununua unaleta ugomvi wa nani alale nao. Watoto watengeneze wao, kila kundi dogo la watoto mchanganyiko likitengeneza mmoja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kiini tunatumia matambara. Chukueni kitambaa laini kiasi cha fulana mbili kuukuu, kifinyangwe kiwe kama ngumi ya mtu mzima. Zungusheni majani makavu ya mgomba tabaka mbili tatu, kisha kamba ya mgomba iliyolowekwa maji kwa dakika kumi hivi. Kamba ikiwa kavu inakatika mkifunga, ikiwa imelowa inanyooka, na ikikauka inakaza. Mmoja anashika, mwingine anavuta na kuzungusha, mara wima, mara mlalo, mpira ukigeuzwa kidogo kila mzunguko. Mtoto mmoja peke yake hawezi kuukaza, na ndiyo maana tunaupenda. Ufike ukubwa wa papai dogo, usizidi. Ukiwa mkubwa unakuwa mzito na unaumiza vidole vya wasio na viatu. Majani yakizidi matambara, unapasuka baada ya mateke machache. Uacheni juani nusu siku kabla ya kuchezwa.

Kisha kuna kuondoka. Warundi wamekuwa wakirudishwa kwao kwa misafara tangu Septemba 2017, na Mtendeli ilifungwa 2021, watu wake wakahamishiwa Nduta. Familia ikijiandikisha kurudi, mwalimu wa mtoto aambiwe angalau wiki moja kabla. Basi linaondoka alfajiri. Mtoto anayefika shule na kukuta nafasi ya mwenzake tupu anafikiri kule kupotezana kwa kwanza kumejirudia, na wengine wanakataa kabisa kupata rafiki wa tatu. Wapeni kipindi kizima cha kuagana. Kila mmoja amwandikie au amchoree mwenzake ukurasa mmoja, ukurasa uwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na karatasi ya anwani. Msiwaahidi kwamba wataonana. Waambieni ukweli: mwenzako anakwenda mahali fulani, na haya ndiyo maelezo ya mahali hapo.

Namba ya simu haitoshi, laini hupotea. Anwani iwe ya mlima. Na hapa kuna jambo jipya ambalo makarani wetu wengi hawajalizoea: mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi mitano, na tarafa zake kutoka 119 hadi 42. Makamba, Bururi, Rutana na Rumonge sasa ziko ndani ya mkoa wa Burunga. Ruyigi, Cankuzo na Muyinga ziko Buhumuza. Karatasi iliyoandikwa "mkoa wa Makamba" pekee itamchanganya ofisa wa kule, na iliyoandikwa "Burunga" pekee haitamsaidia bibi wa kijijini anayejua jina la zamani. Andikeni yote mawili, tarafa ya zamani na mpya, kisha jina la mlima.

Tunaziomba halmashauri za Kasulu, Kibondo na Kakonko, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na mashirika yanayohudumia kambi wakae pamoja na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za vijiji, waiweke safu hiyo ya marafiki kwenye fomu. Haihitaji bajeti mpya, inahitaji mistari mitatu ya karatasi na mtu mmoja wa kuisoma.

Ndugu Mhariri, kama barua ni ndefu kwa ukurasa wako, punguza historia. Sehemu ya namna ya kumuuliza mtoto iache ilivyo, kwa kuwa wapo walimu watakaoikata gazetini na kuitumia.

Walimu na wahudumu wa jamii,
Kasulu, Kigoma