Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wasiokuwa huku wala huku, hamjambo.

Katiba ya chama chetu cha kusoma historia yataka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla mweka hazina hajasoma hesabu. Nitajitahidi kuwa mfupi. Mwaka jana pia niliahidi hivyo, lakini mwaka jana hapakuwa na barua ya malalamiko yenye sahihi kumi na moja za wanachama mezani.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, isipokuwa Ramadhani na Desemba. Kamati ilikaa mara sita. Mada zilikuwa tisa na safari moja. Katika hizo tisa, saba niliziandaa mimi mwenyewe. Sijisifu, kumbukumbu za katibu zipo. Tulianza na Wagiriki na vita vya baharini vya Salamis dhidi ya Waajemi, vya mwaka 480 KK, tukaona namna merikebu za Athens, kila moja na wapiga makasia wapatao 170, zilivyompa maskini asiyeweza kununua ngao sababu ya kudai sauti katika mambo ya mji. Tukaja kwa Warumi, sheria zao na barabara zao. Tukapita kwa Konstantino, kaisari wa Roma aliyeshinda pale Daraja la Milvio mwaka 312, na mwaka uliofuata Wakristo wakaruhusiwa kuabudu bila kusumbuliwa. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, 325. Charles Martel, kiongozi wa Wafaranki, kuwashinda Waislamu huko Poitiers, 732. Mjukuu wake Charlemagne kuvikwa taji na Papa Leo III siku ya Krismasi mwaka 800. Waliokuwapo wanakumbuka, wasiokuwapo wamwombe katibu daftari.

Na hapo kwenye wasiokuwapo nisimame kidogo. Daftari lina majina 63. Mada ya kwanza walikuja 31, nikafurahi. Mada ya Nikea walikuja tisa, na mahamri na mbaazi vilikuwa vimepikwa kwa watu arobaini. Mimi na katibu tulibeba mahamri nyumbani kwenye mifuko. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila alfajiri napokea maua, dua na picha za jua likichomoza kutoka kwa watu ambao uso wao sijauona ukumbini tangu Machi. Simtaji mtu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba mwaka huu wote tusome miji ya mawe ya pwani, tumalizie na safari ya Lamu. Mwezi wa Februari kamati, kwa kura nne dhidi ya tatu, ilibadilisha mada iwe Ulaya ya kale na ya kati, imani na upanga. Fungu la Lamu, shilingi 46,000, likanunua projekta kwa 38,000, na 8,000 zilizobaki zikasaidia kukodi matatu ya Malindi. Kifungu cha tisa kinasema azimio la mkutano mkuu hubadilishwa na mkutano mkuu. Ni kweli hatukuuitisha. Hilo nalikubali hapa mbele yenu, na naomba nisiulizwe tena mara ya pili, kwa sababu jibu litakuwa hilo hilo.

Barua ile ina malalamiko matatu: kwamba haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu, kwamba Vita vya Msalaba vinachokoza ugomvi wa dini kati yetu, na kwamba projekta inakaa nyumbani kwangu.

Nianze na la ugomvi. Jumamosi ile ya Vita vya Msalaba nilieleza jinsi Papa Urbano II alivyohubiri Clermont, Ufaransa, mwezi Novemba 1095 kwamba Wakristo waende kuwapigania Waislamu nchi takatifu, na jinsi Jerusalem ilivyotekwa Julai 1099 na Waislamu na Wayahudi wa mji ule wakauawa kwa wingi. Mzee mmoja wa kanisani akaniambia nimelitukana Kanisa. Nikaendelea na Salahuddin, sultani wa Waislamu, ushindi wake huko Hattin mwaka 1187, na namna alivyouchukua mji huo huo Oktoba bila mauaji kama yale, bali kwa fidia: dinari kumi kwa mwanamume, tano kwa mwanamke. Hapo ukumbi ukatikisika kwa takbiri. Nikaongeza kwamba maelfu wasioweza kulipa walichukuliwa utumwani, na takbiri zikakatika, na mwanachama mwingine akatoka nje na hajarudi hadi leo. Sasa jamani, nisome nusu ya ukurasa? Nilitaja pia mwaka 1204, pale askari wa msalaba wenyewe walipoivamia na kuipora Constantinople, mji wa Wakristo wenzao. Hilo halikumkasirisha mtu, nadhani kwa sababu hapa ukumbini hatuna Mgiriki.

Na mada ya Toledo, mji wa Hispania, je? Kuna aliyesimama akasema Waislamu ndio waliowafundisha Wazungu kila kitu, basi tufunge mjadala. Sikuufunga. Vitabu vya Wagiriki vilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya tisa, na bingwa wa kazi hiyo alikuwa Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo aliyewatumikia makhalifa wa Kiislamu. Toledo ilipoangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1085, vitabu vya Kiarabu havikuchomwa, watu walivifuata. Gerard wa Cremona alitoka Italia kwa sababu ya kitabu kimoja cha nyota cha Ptolemy, akajifunza Kiarabu, akabaki kufasiri vitabu kwa makumi, pamoja na Kanuni ya tiba ya Ibn Sina, iliyofundishwa kwenye vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne kadhaa. Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, alipoandika "Mfafanuzi" bila kutaja jina, alimaanisha Ibn Rushd wa Córdoba, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefafanua vitabu vya Aristotle. Hiyo ndiyo Magharibi mnayoambiwa ilijizaa yenyewe. Mada hiyo niliiandaa kwa wiki tano, na walikuja 14.

La pili, kwamba hayatuhusu. Hili ndilo lililoniuma, kwa sababu ndiyo sababu yangu yote ya kubadilisha mada, na waliosaini barua wengi hawakuwapo nilipoieleza.

Mnamo mwaka 1119 hivi, mashujaa wachache wa Kifaransa waliokuwa Jerusalem walianzisha kikosi cha kulinda mahujaji njiani. Wakapewa makao pale palipodhaniwa kuwa mahali pa Hekalu la Suleiman, ndipo wakaitwa Watemplari. Walikuwa watawa kamili: nadhiri za ufukara, useja na utii. Lakini watawa wenye panga na farasi, kitu ambacho Kanisa la mwanzo lisingekifahamu. Mtaguso wa Troyes mwaka 1129 ukawapa kanuni. Kufikia hapo imani na upanga vimeshafunga ndoa rasmi, na cheti kipo.

Watu wakawapa mashamba kila pembe ya Ulaya. Ukiweka fedha kwenye nyumba yao Paris, ungeweza kuzipokea Mashariki bila kubeba mfuko wa sarafu baharini. Kijana mmoja akasema, "Kumbe walikuwa mawakala wa M-Pesa." Tulicheka, lakini ndivyo, isipokuwa wakala wa mtaani kwetu hamkopeshi mfalme. Philip IV wa Ufaransa alikuwa na madeni kwao. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1307, akawakamata kote nchini mwake kwa mashtaka ya kumkana Kristo na mengine ya aibu, na wengi wakakiri kwa kuteswa. Papa Klementi V alilivunja shirika mwaka 1312. Mkuu wao, Jacques de Molay, alichomwa moto Paris mwaka 1314.

Wengi hufunga kitabu hapo. Mimi nilisema tufungue Ureno. Mfalme Dinis hakutaka mali ya Watemplari iondoke nchini mwake. Akaomba kwa Papa, na mwaka 1319 likaundwa shirika jipya lililorithi mashamba na ngome zao: Shirika la Kristo. Makao yake baadaye yakawa Tomar, kwenye ngome ile ile ya Watemplari. Mwaka 1420 msimamizi wake akawa mwanamfalme Henrique, na mapato ya shirika hilo yakasaidia kulipia safari za merikebu kuelekea kusini, pwani ya Afrika. Msalaba mwekundu wa shirika ukachorwa kwenye matanga.

Matanga hayo yalionekana Mombasa mwezi Aprili 1498. Hapa. Hapa tulipokaa.

Mwanachama mmoja, ambaye namheshimu ingawa ni wa tano katika wale kumi na mmoja, alinisahihisha kwamba Vasco da Gama mwenyewe, mkuu wa merikebu hizo, wakati huo alikuwa wa shirika la Santiago, jingine la mashujaa, akahamia la Kristo baadaye. Ni kweli, na nilishukuru hadharani. Lakini tanga ni tanga. Na alichokuwa akikitafuta nacho kilitoka Vita vya Msalaba: Ulaya ilikuwa ikiota tangu karne ya 12 kwamba kuna mfalme Mkristo Mashariki, Kasisi Yohana, atakayewapiga Waislamu kutoka nyuma. Da Gama alipofika Malindi akakuta merikebu za Wahindi, Wareno wakawaonyesha picha ya Bikira Maria chini ya msalaba, Yesu mikononi mwake, Wahindi wakainama kwa heshima, na Wareno wakaandika kwamba wamepata Wakristo. Walikuwa Wahindu, jamani.

Ndiyo maana nikachagua Malindi badala ya Lamu. Walijiandikisha 22, wakaja 13, na matatu ya viti kumi na vinne tulishailipia yote. Tulisimama chini ya nguzo ya Vasco da Gama, jua kali, bahari imetulia, na bibi mmoja wetu akauliza, "Mwenyekiti, huyu alikuja kutafuta biashara ama kutafuta Wakristo?" Nikamjibu kwa yale aliyoyasema mtu wa da Gama walipofika Calicut, India, na kuulizwa wamefuata nini: Wakristo na viungo. Yule bibi akanyamaza, kisha akasema, "Basi walijua vyote viwili wanavyovitaka." Kwangu mimi, sentensi hiyo moja imelipa projekta.

Miaka saba baada ya hapo, 1505, Mreno Francisco de Almeida aliingia Kilwa kwa nguvu, kisha akauchoma mji wetu. Mwaka 1528 ukachomwa tena. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome kwa ramani ya Mwitaliano, Cairati, wakaipa jina la Yesu. Ngome ya mizinga, jina la Yesu. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na watawa huko Goa, India, na kubatizwa Jerónimo, akaingia humo akamuua kapteni wa Wareno na kurudi Uislamu. Mnapita chini ya ukuta huo kila siku mkienda feri na Mji wa Kale. Sasa mwenye kusema Vita vya Msalaba havituhusu aniambie ukuta ule ulianzia wapi.

La tatu, projekta. Iko kwangu kwa sababu ukumbi hauna kabati linalofungika, na mwaka juzi spika yetu ilipotea humo humo. Iko kwenye boksi lake, na risiti anayo mweka hazina. Haijatumika kwa harusi yoyote. Ilitumika kwa mchezo mmoja wa mpira, mara moja, na majirani walioangalia walichangia shilingi 300, ambazo nimeziwasilisha.

Ada. Ada ya mwaka ni 1,200, ambayo ni shilingi mia moja kwa mwezi, chini ya bei ya soda mbili. Waliomaliza ni 27. Kumi na mmoja wamelipa nusu nusu, jumla 6,500. Ishirini na watano hawajalipa hata senti, na kati ya sahihi kumi na moja za barua, sita zimo humo. Mkono mtupu haulambwi, na ukumbi haulipwi kwa barua. Mapato yote, pamoja na fungu la Lamu na michango ya 8,500, ni 93,400. Matumizi 91,150, yaani ukumbi, chai, projekta, safari, uchapishaji na mengineyo. Mchanganuo atausoma mweka hazina, na wenye maswali ya hayo mengineyo wamuulize yeye.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutasoma miji ya mawe kama ilivyoazimiwa, na Lamu tutakwenda hali ikiruhusu. Kuna mazungumzo ya kupata maktaba ndogo. Kuna wazo la kualika mwalimu wa chuo kikuu. Tutaona.

Kipindi changu kinaisha leo. Wapo waliosema sitagombea tena, sijui walisikia wapi. Fomu yangu anayo katibu tangu Jumatatu. Anayetaka kuikagua projekta aje nyumbani baada ya alasiri, lakini apige simu kwanza, na aje na ada yake.

Mwenyekiti,
Mombasa