Utando umetoka bila ufa kaka

Kaka mambo, za Dar, mama anaendeleaje na goti lake? Nisamehe kwa kimya, mwezi mzima nimeshinda maabara narudi geto usiku nimechoka hata simu sigusi.

Ile picha uliyonitumia ya kidude ulichokikuta kwenye redio ya mnara, cha duara, kina milango mitatu na kinavuta bisibisi, hiyo ni sakyuleta. We ichukulie kama kiplefti cha njia tatu, ukiingilia njia ya kwanza unatokea ya pili tu, ukiingilia ya pili unatokea ya tatu, hakuna kurudi ulikotoka. Sasa mawimbi ya amplifaya yanaenda antena, yakigonga huko yakarudi yanapelekwa pembeni, hayaji kuunguza amplifaya. Kinachovuta bisibisi ni sumaku, ila kazi yenyewe inafanywa na feraiti iliyokaa chini yake, ni oksidi ya chuma iliyochomwa kama kigae. Elektroni zake zinayumba kama pia inayozunguka, na sumaku ndo inapanga spidi, ukiweka sumaku ya tesla 0.1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) zinayumba kwenye gigahezi 2.8 hivi. Wimbi linalozunguka upande mmoja na hiyo pia linapita tofauti na linalozunguka kinyume, ndo maana kwenda na kurudi havifanani. Chuma cha kawaida hakiwezi hiyo kazi, kinapitisha umeme so wimbi linaishia kuwa joto tu.

Sasa mi nachohangaika nacho ni kuitoa feraiti kwenye hicho kidude na kuipaka juu ya chipu ya silikoni, utando mwembamba kabisa. Natumia ganeti ya itriamu na chuma, ni aina ya feraiti, Bertaut na Forrat waliielezea kule Grenoble, Ufaransa, mwaka 1956, na mpaka leo kwa kupoteza mawimbi kidogo sijaona ya kuifikia. Ukiiotesha juu ya fuwele ya ganeti ya gadoliniamu na galiamu inakaa vizuri sana, atomu zinapangana karibu sawasawa, mpango wake unajirudia kila anstromu 12.376 kwa 12.383 (anstromu ni kipimo cha udogo wa atomu). Shida ni silikoni. Utando naupaka kwa leza, na ukitoka hapo atomu zake hazijapangika, lazima uuingize kwenye tanuru nyuzi 800 na oksijeni, afu ukipoa ganeti inasinyaa kama mara nne ya silikoni. Kaka nimepasua visahani vya silikoni 11! Unatoa kwenye tanuru unakiona kinang'aa rangi rangi kama mafuta juu ya maji, unafurahi, ukiweka chini ya hadubini nyufa tupu, utadhani jaruba la mpunga limekauka kiangazi. Siku moja nilikaa pale chini nikalia kweli.

Kilichonisaidia ni kuukata utando vipande vidogo vidogo kabla ya kuupika, kila kipande kinasinyaa kivyake hakivutani na jirani. Alhamisi nimetoa cha 12, nimekipitia kona mpaka kona sijaona ufa hata mmoja, nikakipima, na kile kilele cha risonansi, yaani pale wimbi linapoendana na kuyumba kwa elektroni, kikatokea kwenye skrini palepale nilipokihesabia. Nilipiga kelele mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja mbio.

Bado ganeti inataka sumaku ya nje, na hiyo ndo inayofanya kidude chako kiwe kizito. Mi naamini jibu ni feraiti ya beriamu, ndugu kabisa na ile sumaku nyeusi ya spika tulizokuwa tunabomoa nyuma ya kwa bibi unakumbuka? Ile inajishikilia usumaku wake yenyewe, uga wake wa ndani ni kama tesla 1.7, so bila sumaku ya nje inafanya kazi kwenye gigahezi 40 na zaidi. Tatizo utando wake unatakiwa uwe mnene, makumi ya mikromita, na unene ndo rafiki wa nyufa. Mwezi ujao naanza nao.

We ukikuta sakyuleta mbovu kwenye mizigo ya kutupwa na wakikuruhusu kuichukua, niwekee. Nataka nikija Desemba tuipasue pamoja, nikuonyeshe hiyo feraiti kwa macho yako.

Msalimie shemeji na watoto.