Mustang ya zamani: soma bodi kwanza

Mhariri,

Wanaoagiza Ford Mustang za miaka ya 1960 kuja Arusha wasikubali neno "orijino" kabla ya kusoma kibati cha namba ya gari kwenye mlango wa dereva. Katika namba hiyo, tarakimu ya kwanza ni mwaka (5 ni 1965), na herufi inayofuata ni kiwanda: F ni Dearborn (Michigan), R ni San Jose (California), T ni Metuchen (New Jersey). Halafu fungua boneti ulinganishe na namba iliyogongwa kwenye bodi, upande wa kushoto. Mlango hubadilishwa kwa spana. Bodi si rahisi.

Angalia pia gari lilikotumika. La Michigan, kwenye baridi, limekula chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, kwa hiyo kutu huanzia chini. La California huwa kavu, ila jua limepasua dashibodi. Hata hilo kavu lina ugonjwa wake: sanduku la kuingizia hewa chini ya kioo cha mbele huoza na kuvuja. Mwaga lita 2 za maji kwenye matundu yake, kisha papasa zulia. Likilowa, bati la juu la sanduku litolewe kwa kutoboa kila sehemu iliyochomelewa. Puti ya kuziba matundu haitasaidia, hata fundi aape.

Mustang nyingi za California za 1966 zilikuja na pampu ya hewa ya kupunguza moshi. Wenyewe waliing'oa, hivyo kuikosa si ajabu.

Zilizouzwa nje ya Marekani zilifungwa brasi, yaani chuma cha kukaza bodi, ya kipande kimoja ndani ya boneti badala ya vyuma viwili. Brasi hiyo huuzwa mpya hadi leo, kwa hiyo peke yake si ushahidi kwamba gari liliuzwa nje.

Mafundi wa magari ya zamani,
Ngarenaro, Arusha