Choo Kigumu cha Muda Mrefu: Kwa Nini Hatukimbilii Dawa ya Kuendesha

Wateja wengi wanaotujia na shida ya choo huwa wameshaamua wanachotaka: kitu kikali, kisafishe tumbo leo hii, yaishe. Wengine hutaja kabisa jina la unga wa dawa walioelekezwa. Tunawaelewa. Mtu ambaye tumbo limemjaa kwa siku nne, nguo inambana kiunoni, na kila akienda msalani anajikamua na kuambulia choo kama cha mbuzi, hana hamu ya kusikia habari za maji ya uvuguvugu. Hata hivyo, dawa kali ya kuendesha ndiyo tunayoitoa mara chache kuliko zote, na Ayurveda yenyewe, tiba ya jadi ya India tunayoifuata, iko upande wetu katika hilo.

Kwanza, tujue tunazungumzia nini. Kukosa choo siku moja si ugonjwa. Kuna watu wazima wenye afya wanaokwenda haja mara tatu kwa siku, na wengine mara tatu kwa wiki. Tatizo huitwa sugu pale mtu anapopata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au kinatoka kigumu na kwa kujikamua, au anatoka msalani akihisi bado kuna kilichobaki, na mambo hayo yakaendelea kwa miezi mitatu na zaidi. Anayekwenda kila siku lakini kwa dakika ishirini za kusukuma naye yumo, ingawa wengi wa aina hiyo hawajihesabu.

Ayurveda huliweka tatizo hili chini ya vata, nguvu ya mwili yenye tabia za upepo: kavu, baridi, nyepesi, isiyotulia. Makao yake makuu ni utumbo mpana. Tawi lake moja, apana, ndilo linalosukuma kila kitu kinachotakiwa kushuka: choo, mkojo, riahi, hedhi, hata mtoto wakati wa kujifungua. Vata ikipanda, ukavu huongezeka. Apana ikivurugika, msukumo hukosa mwelekeo. Si lazima uyakubali maelezo hayo ili yakufae, kwa sababu maelezo ya hospitali hayako mbali nayo: utumbo mpana hunyonya maji, na choo kinachokaa humo muda mrefu hukauka kadiri kinavyokaa.

Swali letu la kwanza kwa mteja, kwa hiyo, halihusu chakula. Tunauliza: haja ikikujia, unakwenda saa hiyo hiyo?

Majibu yanafanana ajabu. Dereva hawezi kusimama. Mwalimu yuko katikati ya kipindi. Mwenye watoto wadogo anasema msalani haendi mtu peke yake. Wapo wasioweza kabisa kutumia choo ambacho si cha nyumbani kwao. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya Ayurveda, ina sura nzima juu ya haja za mwili zisizofaa kuzuiwa. Zimetajwa 13, zikiwemo kupiga chafya, kupiga miayo, kulia machozi na usingizi. Anayezuia choo anatahadharishwa kwamba atapata maumivu ya tumbo la chini, kichwa kuuma, kufunga choo na riahi, misuli ya miguu kukaza na tumbo kujaa. Acha hayo ya miguu. Mengine yote tunayasikia kila siku. Ukiizuia haja, choo hubaki mwisho wa utumbo kikiendelea kupoteza maji, na ukuta wa sehemu hiyo ukizoea kutanuka hupunguza kutoa taarifa. Baada ya muda haja haiji tena kwa nguvu, na mtu anasema tumbo lake "limelala". Huyo ukimpa dawa ya kuendesha, utapata choo cha leo, lakini tabia iliyomfikisha hapo haijaguswa.

Ndiyo maana tiba yetu huanza na saa. Utumbo mpana husukuma zaidi baada ya kuamka na baada ya kula. Amka mapema kidogo, kunywa maji ya moto kiasi kinachonyweka, kula kitu, kisha nenda ukakae kwa dakika tano hadi kumi hata kama huhisi haja. Weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya kiuno, uiname kidogo mbele. Ukikaa wima kwenye choo cha kukalia, kuna msuli unaoishika njia ya haja kwa nyuma na kuipinda. Ukichuchumaa au ukiinua magoti, msuli huo hulegea na njia hunyooka. Simu ibaki nje. Usisukume kwa kubana pumzi. Fanya hivyo kila siku, saa ile ile, hata siku za mapumziko. Ni ushauri usiotuingizia chochote, na kwa baadhi ya wateja ndio uliowatosha.

Kisha tunakuja kwenye moto wa tumbo, agni, yaani nguvu ya kusaga chakula. Mtu mwenye vata nyingi hula ovyo: leo asubuhi, kesho mchana, keshokutwa biskuti na chai tu. Tunamtaka ale kwa saa zinazoeleweka, chakula cha moto, kilichopikwa kikalainika, chenye mafuta kidogo, na viungo vinavyopunguza gesi kama tangawizi, bizari nyembamba, shamari au chembe ya mvuje kwenye kunde na dengu. Vyakula vikavu na baridi vipungue. Hapa huwa tunatofautiana kidogo na ushauri uliozoeleka wa "kula kachumbari na pumba kwa wingi." Nyuzilishe zinahitajika, hatubishi, lakini ukimrundikia mtu ambaye tumbo limeshajaa gesi na maji hanywi, unamwongezea mzigo. Ongeza taratibu, kwa wiki kadhaa, na maji yaende sambamba.

Mafuta ndiyo dawa ya ukavu. Kijiko kimoja cha chai cha samli ndani ya kikombe cha maziwa ya moto kabla ya kulala ni tiba ya zamani, na kwa mtu mwembamba, mwenye ngozi kavu na choo kikavu, huwa tunaijaribu mapema. Kama maziwa yanakujaza gesi, tumia maji ya moto badala yake. Kama una lehemu nyingi kwenye damu, tuambie kwanza. Kusugua tumbo kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kwa mzunguko unaofuata mshale wa saa, nako husaidia kulegeza.

Sasa dawa zenyewe.

Ayurveda inazipanga dawa za choo kwa ngazi. Ya chini ni zile zinazoshusha kwa upole na kuirudisha apana kwenye njia yake. Mfano wake ni tunda la haritaki. Ya juu kabisa ni zile zinazotoa kila kitu kikiwa maji, kama mzizi wa trivrit. Tena inawagawa watu kwa aina ya tumbo. Kuna wenye tumbo laini, ambao zabibu kavu zilizolowekwa au maziwa ya moto yanatosha kuwaendesha, na wenye tumbo gumu, ambao kipimo hicho hicho hakiwatikisi hata kidogo. Tukikuuliza maswali mengi kabla ya kukupimia unga, ni kwa sababu hiyo. Unga uliomsaidia jirani yako unaweza kukulaza wewe msalani mchana kutwa.

Triphala ndiyo tunayoianza na wengi. Ni mchanganyiko wa matunda matatu yaliyokaushwa na kusagwa, haritaki, bibhitaki na amla, kwa kawaida kwa vipimo sawa. Unga wake una rangi ya udongo, ukakasi unaoukausha ulimi, kisha uchachu. Ukishushia maji, utamu kidogo hubaki mdomoni. Nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto usiku ni mwanzo mzuri, na huongezwa hadi kijiko kizima ikihitajika. Haiendeshi kwa kishindo, na anayeitarajia ifanye kazi usiku wa kwanza huwa analalamika. Tuseme ukweli pia: utafiti uliofanyika kwa watu kuhusu triphala si mwingi, na mwingi wake ni mdogo. Tunaitoa kwa uzoefu mrefu wa tiba hii na kwa sababu ni ya upole. Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa za kisukari wasianze bila kuzungumza na daktari wao.

Yenye ushahidi mzuri zaidi kati ya tunazouza ni isabgol, maganda ya mbegu za ispaghula. Mwongozo wa pamoja uliotolewa mwaka 2023 na vyama viwili vya madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani unaitaja miongoni mwa tiba zinazopendekezwa. Lakini ndiyo pia inayotumiwa vibaya zaidi. Fanya jaribio hili: mimina kijiko kimoja cha chai cha isabgol kwenye glasi ya maji, koroga, iache mezani. Baada ya dakika chache maji hayamwagiki vizuri. Yamekuwa uteute mzito unaotikisika ukiinamisha glasi. Tumboni hufanya hivyo hivyo, hushika maji na kukilainisha choo. Sasa fikiria mtu aliyeimeza kavu kwa funda moja. Inaweza kuvimba kooni ikamkaba, au kuziba utumbo. Kwa hiyo: glasi nzima ya maji, inywe mara tu ukishakoroga, ongeza maji mengine baadaye, na usiimeze pale unapopanda kitandani. Dawa zako nyingine zitenge nayo kwa saa mbili. Mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuambiwa utumbo wake umebana asiitumie.

Mafuta ya mbarika yana heshima kubwa katika Ayurveda, na kazi yake yanaifanya, wakati mwingine kupita kiasi. Kwetu ni dawa ya mara moja, kwa ushauri, na kwa mjamzito ni marufuku kwa sababu yanaweza kuamsha uchungu. Basti, yaani dawa inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, Ayurveda huihesabu kuwa tiba kuu ya vata. Hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyesomea, katika chumba chake. Usijaribu nyumbani kwa kufuata video.

Kuhusu sanamaki tunaomba usome lebo. Pakiti nyingi zilizoandikwa "unga asilia wa kusafisha tumbo," na chai nyingi za kupunguza uzito, nguvu yake yote inatoka kwenye majani hayo, hata yakiandikwa senna, sonamukhi au svarnapatri. Sanamaki si sumu. Imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na ukiinywa usiku hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12. Ubaya ni kuinywa kila siku bila kujua kwamba unainywa, ukiongeza kipimo kila ikionekana kuchoka. Tumbo la kunyonga, kuhara, na kupungua kwa potasiamu mwilini hufuata. Mteja akituambia triphala aliyonunua kwingine ilimwendesha mara tano kabla ya saa nne asubuhi, tunamwomba alete pakiti, na mara nyingi jibu linakuwa limeandikwa hapo nyuma kwa herufi ndogo.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu pakiti. Mwaka 2008 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa za jadi hutengenezwa kwa metali kwa makusudi. Sisi hatuziuzi. Na kwa mwenye shida ya choo kuna kejeli ndani yake: sumu ya risasi ni miongoni mwa vitu vinavyofunga choo na kuleta msokoto wa tumbo. Nunua unga wenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na uthibitisho wa kupimwa metali, usipoonyeshwa, uache.

Wapo ambao hatuwauzii chochote siku hiyo. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, choo kilichobadilika ghafla ukubwani, au saratani ya utumbo katika familia: hayo ni ya hospitali kwanza. Tumbo lililovimba na kuuma sana, ukatapika na hata riahi haitoki, nenda dharura na usinywe dawa yoyote ya kuendesha.

Ukija kwetu, njoo na dawa zako zote ndani ya mfuko. Vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu zenye kodeini, tramadoli au mofini, baadhi ya dawa za kiungulia, za presha na za sonona hufunga choo, na si mara moja tumegundua kwamba shida ilianza wiki ile ile mtu alipoanza kidonge kipya. Usikiache mwenyewe, tutakuandikia ujumbe umpelekee daktari aliyekipanga. Upungufu wa homoni za tezi ya shingo nao hufunga choo, na kipimo chake ni cha damu tu.

Tunakupangia wiki nne. Zikipita bila mabadiliko, hatuongezi unga, tunakupeleka mbele. Kuna watu ambao misuli ya njia ya haja hubana pale inapotakiwa kulegea, na kwao hakuna mmea utakaofungua mlango huo. Tiba yao ni mazoezi maalumu ya kuifundisha misuli kulegea, chini ya mtaalamu mwenye vifaa vya kuipima.